Mama anamuulizia marehemu baba

SWALI: Mama ana dimensia, ugonjwa unaodhoofisha kumbukumbu na akili. Kila jioni anauliza baba atarudi saa ngapi, ilhali alifariki zamani. Nimwambie ukweli?

JIBU: Akiuliza mara ya kwanza, tena ametulia, mwambie kwa upole. Usirudie kila jioni: kumbukumbu mpya haikai, kwa hiyo kila mara anafiwa upya. Mbinu ya Naomi Feil, mfanyakazi wa ustawi wa jamii aliyehudumia wazee, hufuata hisia badala ya kusahihisha: “Umemkumbuka, eeh? Alikuwa mtu wa namna gani?” Sentensi moja fupi, kisha subiri kama sekunde 10, kumharakisha ndiko huzua ugomvi. Washa taa kabla ya giza, maana vivuli humtatiza. Akivurugika ghafla ndani ya siku 1 au 2, hiyo si dimensia tu: mpeleke hospitali, wapime mkojo, waulize kama anapata choo na kama ameanza dawa mpya.