Ukienda Haarlem, Usikimbilie Tundu la Ukutani

Nyumba ya akina ten Boom, familia ya Kikristo iliyowaficha Wayahudi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, iko juu ya duka la saa, mtaa wa Barteljorisstraat, Haarlem, Uholanzi. Mara ya kwanza nilikwenda bila kuweka nafasi, nikakuta pamejaa, nikarudi stesheni. Basi weka nafasi mapema mtandaoni. Mnaingia kikundi kidogo na mwongozaji. Kiingilio hakuna, unachangia ulichojaliwa.

Mara ya pili nilikwenda na mama, aliyekuja kunitembelea kutoka Dodoma. Kama unaongozana na mzee, mwambie mapema habari za ngazi. Ni nyembamba, zimesimama kama za darini, na chumba cha Corrie, binti wa familia hiyo, kinachotafutwa na kila mgeni, kiko juu kabisa.

Humo ndimo ulimojengwa ukuta wa pili wa matofali. Nyumba ilipovamiwa na polisi wa Kinazi tarehe 28 Februari 1944, watu sita waliofichwa humo walijibana nyuma yake saa 47, kimya. Waliingia kwa kutambaa, wakipitia rafu ya chini ya kabati la mashuka. Ukuta umetobolewa ili wageni wachungulie, na wenzetu wote walikwenda huko na simu zao. Mama alichuchumaa mbele ya kabati, akashika ubao wa rafu.

"Watu walipita hapa, mwanangu," akasema. "Kwenye mashuka."

Ila ombi langu kubwa ni hili: sikiliza vizuri pale sebuleni, kabla ya kupanda. Mwaka 1844 Willem ten Boom alianzisha ibada ya kila wiki ya kuwaombea Wayahudi. Miaka 100 baadaye mwanawe Casper, baba yake Corrie, mzee wa miaka 84, alikamatwa katika nyumba hiyohiyo kwa kuwaficha. Alifariki akiwa mfungwa, siku kumi tu baada ya kukamatwa. Bintiye Betsie alifia kambi ya mateso ya Wanazi ya Ravensbrück, Ujerumani, Desemba 1944. Corrie akaachiwa siku chache baadaye. Wale sita ukutani hawakuonekana, wakatoroshwa.

Nimekulia kanisani, nimeomba maombi mengi ya namna hiyo, ya kutaja watu nisiowajua. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja wanaweza kubisha hodi.

Usikate tiketi ya treni ya kurudi mapema. Tulipokuwa tunashuka, mama aliomba akae tena sebuleni kidogo. Mwongozaji akamvutia kiti, ingawa kikundi kilichofuata kilikuwa tayari mlangoni.