Fundi amekwisha kufika, kibali bado

SWALI: Ndugu Mhariri, nina karakana ya mitambo ya kugandisha samaki hapa Shimanzi, Mombasa. Mitambo mipya tuliyonunua India inahitaji fundi wa huko, naye amekwisha kufika kwa idhini ya kusafiri ya mtandaoni, kama watalii. Nakusudia kumwajiri miaka miwili. Je, aanze kazi huku tukimwombea kibali? – Msomaji, Shimanzi

JIBU: Asishike hata spana, ndugu yangu. Idhini hiyo, iliyochukua nafasi ya viza Januari 2024, humruhusu mgeni kuingia na kutembea, si kufanya kazi, hata kazi isiyo na malipo. Kwa hiyo kusema kwamba "anawaonyesha vijana tu" hakutamwokoa. Chini ya Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, adhabu hufika faini ya shilingi 500,000, au kifungo cha miaka 3, au vyote viwili, na mwajiri anayemtumia hali anajua naye ana kosa lake.

Kwa ajira ya miaka miwili, ombeni kibali cha daraja D, yaani kibali cha kuajiriwa. Mwombaji ni wewe mwajiri, na uzito wa ombi uko katika barua yako, ambamo wengi huandika tu kwamba "hakuna Mkenya mwenye ujuzi huu", neno ambalo katika mji wenye mafundi wa barafu kama Mombasa ni gumu kuaminika. Eleza mitambo yenyewe: aina ya kompresa, gesi inayotumika, na ni kitu gani hasa ambacho vijana wako hawajawahi kukifungua. Kisha mtaje Mkenya atakayejifunza kwake, naye ajifunze kweli, maana sharti hili ndilo linalowaachia watoto wetu ujuzi fundi akisharudi kwao.

Lakini je, miaka miwili yahitajika? Ikiwa kazi ni kufunga mitambo na kufundisha, pasi maalumu, yaani ruhusa ya kazi ya muda mfupi, ya miezi 3, inayoweza kuongezwa hadi 6, huenda ikakutosha.

Akikaa zaidi ya siku 90, ajiandikishe apate kitambulisho cha mgeni. Na kibali kikitoka, ni cha kazi hiyo kwako wewe: jamaa yako wa Changamwe akimwazima kwa siku mbili tu, fundi atakuwa anafanya kazi bila kibali.