Kushindwa kuchora saa peke yake hakutoshi
Pole dada. Bibi yako kushindwa kuchora saa alipopimwa akili pale kliniki hakutoshi kusema ana dimenshia, yaani ugonjwa wa ubongo unaopunguza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Mtu ambaye hajawahi kushika kalamu, hapo inapimwa shule, siyo ubongo. Ndiyo maana watafiti waliofanya kazi wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wakatengeneza kipimo cha IDEA: mzee anapanga njiti za kiberiti kufuata umbo aliloonyeshwa, anataja wanyama kadiri awezavyo kwa dakika moja, anaeleza daraja ni nini, anakumbuka maneno kumi aliyosomewa. Mwombeni daktari ampime hivyo. Ila nyumbani je? Anapotea akitoka sokoni? Mboga anaitia chumvi mara mbili? Hayo msiyafiche, mwambieni daktari, na yalianza lini.