CD za harusi ya 2006 hazisomi: usizitupe kwanza

Mkuu, umesema CD 3 za harusi ya wazazi wako, zilizochomwa 2006, deki inazizungusha tu bila kuonyesha kitu. Chukua moja, iinue usawa wa taa. Ukiona vitundu vinapitisha mwanga, ujue utando wa kung'aa umebanduka, na palipobanduka hakuna tena cha kusoma. Kama haina vitundu, ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe, halafu ijaribu kwenye kompyuta mbili tatu. Draivu moja ikigoma, nyingine husoma.

Mimi napiga video za harusi hapa Tanga tangu enzi za kanda. CD nyingi za wateja niliziharibu mwenyewe kwa kuandika majina juu yake kwa kalamu ya biro. Sikujua kuwa ule utando uko chini tu ya lebo, plastiki nene iko upande wa pili. Nyingine niliziacha dirishani. CD ya kuchoma huhifadhi kumbukumbu kwenye rangi maalumu, na rangi hiyo jua na joto huimaliza.

Lakini kilichonifundisha ni kanda ya VHS. Bibi mmoja aliniletea, ndani yake marehemu mumewe anamuusia binti yao siku ya harusi. Nilipofunua mdomo wa kanda nikaona ukungu mweupe pembeni. Ukiiingiza hivyo unachafua hedi, yaani kile kichwa cha deki kinachosoma kanda, kwa hiyo niliisafisha polepole siku nzima. Ikasafishika. Kazi ikawa kupata deki ya VHS iliyo nzima! Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kuzitengeneza, iliacha 2016. Nilizunguka kwa mafundi wiki mbili, kila deki mpira umelegea. Tulipoipata moja nilihamisha palepale, bibi kakaa nyuma yangu. Sauti ya mzee ilipotoka alinishika bega, hakuliachia hadi mwisho.

Kwa hiyo CD hata moja ikisoma, nakili siku hiyo hiyo, maana laptopu mpya nyingi haziji na draivu ya CD. Weka kwenye diski ya nje, nakala nyingine mpe ndugu aliye mji mwingine, ya tatu ipandishe mtandaoni. Flashi itumie kubebea tu: inahifadhi kwa chaji ya umeme, na ikikaa kabatini miaka mingi chaji huvuja. Kila mwaka fungua hizo faili uzitazame.

Jaribu leo usiku, uniambie taa imeonyesha nini.