Muulize Mwalimu: Shule ilifungwa, mtoto akabaki nyuma

SWALI: Mwalimu habari ya kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, niko Ahero. Kijana wangu wa pili yuko gredi ya 6. Ile 2024 mafuriko yalitutoa kwa nyumba tukaenda kulala shuleni na majirani, masomo yakasimama, na tangu warudi darasani huyu mtoto hajashika tena. Hesabu ni shida, sayansi ni shida, kingereza anakisia tu. Nalipa tuisheni ya jioni na sioni tofauti. Baba yake anataka arudishwe gredi ya 5, na KPSEA, ule mtihani wa kitaifa wa gredi ya 6, ndio hiyo inakuja. Nifanye nini? Mama, Ahero

JIBU: Mama, pole sana kwa hayo maji. Lakini hebu tuhesabu pamoja, maana nadhani mafuriko yamelaumiwa peke yao. Mtoto aliye gredi ya 6 mwaka wa 2025 alikuwa gredi ya 1 shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona. Oktoba 12 wakarudi gredi ya 4, darasa la 8 na Form 4 peke yao, wengine wote wakangoja mpaka Januari 4, 2021, kumaanisha kijana wako alikaa nyumbani karibu miezi kumi na huo ndio mwaka mtoto anafunzwa kuunganisha herufi. Kulikuwa na masomo ya redio, ndio, lakini nani anajifunza kusoma kwa redio kama hakuna mtu wa kumshikia kitabu? Waliporudi mihula ikabanwa, mwaka mmoja ukaisha na mwingine ukaanza hapo hapo, kalenda haikukaa sawa mpaka Januari 2023. Sasa wewe mtoto mdogo unakimbizwa hivyo, pengo lako la gredi ya 1 unaliziba saa ngapi? Akafika gredi ya 4 ambapo masomo yanageuka kuwa ya kingereza, kisha mafuriko yakaja juu yake.

Kwa hivyo nina shaka sana na hiyo tuisheni. Enda umuulize mwalimu wake polepole: unamfunza nini? Akikwambia wanafanya mapepa ya KPSEA, basi hela zako zinamwagika, kwa sababu mtoto ambaye hawezi kusoma swali la sayansi shida yake sio sayansi.

Mpime wewe mwenyewe kwanza. Chukua kitabu cha gredi ya 2 cha mdogo wake au cha jirani, asome kwa sauti aya moja fupi. Akikwama mpe maneno peke yake, akikwama tena mpe herufi. Fanya hivyo kwa kingereza, Kiswahili na Dholuo (lugha ya Waluo), usishangae ukipata lugha moja iko sawa, hiyo ndio mtaanzia. Hesabu vile vile: anajua namba mpaka 100? Anaweza kutoa 27 kwa 53? Anaweza kugawanya? Pale anapokwama ndio pa kuanza, hata kama ni kazi ya gredi ya 2, na usimcheke wala usiache ndugu zake wamcheke.

Naomba uniamini hapa kwa sababu imeonekana kwingine. Pakistan walipata tetemeko kubwa 2005, shule zikafungwa kama wiki 14 hivi. Watafiti walirudi miaka minne baadaye wakapata watoto wa karibu na tetemeko wako nyuma kwa mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Wiki 14 haziwezi kuzaa miaka miwili! Mengi yalipotea baada ya shule kufunguliwa, darasa linasonga na mtoto haelewi kitu.

Kila jioni nusu saa inatosha, asome kwa sauti na wewe uko hapo unapika. Jumamosi mpeleke soko, yeye ndiye apige hesabu ya gorogoro (kile kipimo cha mkebe) na chenji. Kuhusu kurudia, hapana. Sheria ya elimu ya 2013 hairuhusu mtoto kushikiliwa darasa, na hata angerudishwa, gredi ya 5 haifunzi kusoma herufi. Mwambie baba yake hivyo.

SWALI: Mwalimu mwenzangu, niko shule ya msingi huku Nakuru kaunti, darasa langu lina watoto wengi sana na nusu hawasomi vizuri. Silabasi lazima iishe. Naanzia wapi? Ticha, Rongai

JIBU: Ticha, peke yako hutaweza, ongea na walimu wa gredi ya 3, 4 na 5. Tafuteni saa moja kila siku ambayo watoto wote wa gredi hizo wanavunja madarasa na kukaa kulingana na wanachoweza: wa herufi kule, wa maneno huku, wa aya pale, wa hadithi chini ya mti. Shirika la Pratham la India ndilo lilianza huu mtindo na hapa Kenya umeshatumika. Saa zingine silabasi iendelee kama kawaida. Mwalimu mwenye subira zaidi apewe kundi la herufi, tafadhali msimpe mwalimu mgeni aliye kwenye mazoezi. Pimeni tena baada ya wiki chache, na yule aliyeshika ahamishwe kundi siku hiyo hiyo, asingojee muhula uishe.