Tex-Mex ya Houston: Kila Sahani na Mahali Pake

Kuuliza "mkahawa gani wa Tex-Mex ni bora Houston" ni kupoteza muda. Jiji limetandaa mno. Kutoka Spring hadi Pearland ni karibu saa nzima ya gari hata barabara zikiwa nyeupe. Tena jiko linalopatia rojo la enchilada (tortila, yaani chapati nyembamba, iliyokunjwa na kujazwa) mara nyingi hukosea kwenye nyama ya kuchoma, na lile linalochoma vizuri hukuletea tortila za kiwandani. Tafuta mahali pa kila sahani. Mahali patano au sita panatosha mtu kuishi vizuri.

Lakini kwanza ujue unachokitafuta. Tex-Mex ni upishi wa Texas wenyewe, si chakula cha Mexico kilichoharibikia njiani. Jina lilianza kama kifupi cha reli ya Texas Mexican, na chakula kikalipokea baadaye sana. Alama zake ni jibini la njano linaloyeyuka, nyama ya ng'ombe, unga wa ngano, na bizari nyembamba kwa wingi, ile ambayo Wakenya huiita jira. Menyu huwa na sahani za mchanganyiko zilizopewa namba, na kikapu cha chipsi huletwa mezani bila kuagizwa. Usitarajie viazi: chipsi hizi ni tortila za mahindi zilizokatwa pembetatu zikakaangwa. Ukikuta mole nyeusi, mchuzi mzito wa Oaxaca huko Mexico, na jibini jeupe tupu, umefika kwenye upishi mwingine, mzuri pengine, ila usiupime kwa mizani hii.

Nenda Jumanne hadi Alhamisi, saa tano asubuhi, kabla ya watu wa ofisini. Ijumaa kuanzia saa kumi na mbili jioni foleni huwa ndefu na jiko hufanya kazi kwa kukimbizana, kwa hiyo utakachokipima ni haraka ya watu, si upishi wao. Kila unapojaribu, agiza kitu kilekile: enchilada tatu za jibini zenye rojo la pilipili, na tortila za ngano pembeni. Ni chakula cha bei ya chini kwenye menyu, na hakina pa kuficha kosa.

Chipsi zitakupa habari ya kwanza. Ziwe za moto au vuguvugu, nyembamba, zivunjike kwa mlio. Zikiacha utando mdomoni au harufu kama ya samaki, mafuta ya karai yamechoka, na kila cha kukaanga kitakachofuata kitakuwa hivyohivyo. Agiza kinywaji, kula chache, ondoka. Hakuna aibu.

Enchilada ndiyo mtihani. Tortila ya mahindi lazima ipitishwe kwenye mafuta ya moto kwa sekunde 5 hadi 10 kabla ya kukunjwa. Hapo hulainika na kupata utando wa mafuta unaochelewesha rojo kupenya. Jiko lenye haraka huruka hatua hii, na utaiona kazi yao mara moja: tortila imepasuka mgongoni, au imelowa ikawa uji chini ya jibini. Rojo nalo huanza kwa unga wa ngano kukaangwa kwenye mafuta hadi ufanane na rangi ya karanga, kisha pilipili kavu ya unga, bizari nyembamba na kitunguu saumu, halafu supu inamiminwa kidogokidogo huku ikikorogwa. Liwe la kahawia iliyokolea na ling'ang'anie mgongo wa kijiko. Likiacha ladha ya unga mbichi, halikukaangwa vya kutosha. Likiwa chungu, pilipili au saumu iliungua. Likiwa jekundu na lenye ukali wa nyanya, umeletewa mchuzi wa ranchera, ambao ni kitu kingine kabisa na hauchukui nafasi ya hili. Ukiona ngozi iliyokunjamana juu, sahani ilikaa chini ya taa ya joto ikimsubiri mhudumu. Inayofaa hufika ikitokota kingoni, na kitunguu kibichi kilichokatwa vidogovidogo kimenyunyizwa juu.

Wali mwekundu wa pembeni usiudharau. Hupikwa kwa akili ileile ya pilau: mchele unakaangwa mkavu kwanza, kisha nyanya na supu. Punje zichambuke. Wali wa bokoboko umekaa kwenye mvuke tangu asubuhi.

Kwenye tortila za ngano, mtu aliyelelewa na chapati za kusukuma ana faida kubwa. Donge ni la unga, mafuta, chumvi na maji ya moto, pengine na beking poda kidogo, na lazima lipumzishwe nusu saa hivi. Lisipopumzika hujikunja linaposukumwa, tortila ikawa nene katikati. Ya mkono haiwi duara kamili, madoa yake ya kahawia hayalingani, na ukiinyanyua kwenye mwanga unaona kivuli cha vidole vyako. Ya kiwandani ni duara la kompyuta na hupasuka ikikunjwa baada ya dakika mbili. Mikahawa mingi inayosukuma yenyewe humweka mpishi wa tortila mahali wateja wanapomwona. Usipomwona, uliza kama tortila ni *hechas a mano*, za kutengenezwa kwa mkono, na usikilize kama jibu linakuja haraka.

Fajita, nyama ya kuchoma inayoliwa na tortila, jaribu safari ya pili, na usiende peke yako. Neno linatokana na *faja*, mshipi, kwa sababu nyama yenyewe ni ukanda mrefu mwembamba unaotoka kati ya kifua na tumbo la ng'ombe. Kuna ukanda wa nje, laini na wa gharama zaidi, na wa ndani, mpana na mgumu kidogo. Muulize mhudumu ni upi. Jiko linalonunua wa nje hujivunia na litakwambia. Nyama ikatwe kukingama nyuzi. Ikikatwa kufuata nyuzi, utatafuna hadi taya liume hata kama ilichomwa vizuri. Kosa lingine mpishi wa mishkaki atalitambua kwa ulimi: baadhi ya majiko hulainisha nyama kwa kimeng'enya cha papai, na ikizidi nyama huwa kama imeshatafunwa, laini nje bila nyuzi. Na ule mvuke na kelele za sahani ya chuma inapopita kati ya meza ni maji, ndimu na vitunguu juu ya chuma cha moto. Havikwambii lolote kuhusu nyama, ila vinaendelea kuiivisha. Ihamishie kwenye tortila au juu ya vitunguu mara inapofika. Mkifika wawili, anzeni na nusu pauni, kama gramu 225, kabla ya kuagiza pauni nzima.

Kwa wasiokula kitimoto, na hili menyu nyingi hazilisemi: maharage ya kupondwa mara nyingi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na tortila za ngano zinaweza kuwa nayo pia. *Frijoles charros*, maharage ya supu, huwa na vipande vya nguruwe karibu kila mahali. Uliza "*¿lleva manteca de puerco?*" (ina mafuta ya nguruwe?), kwa maana *manteca* peke yake inaweza kuwa ya mimea. Jibu la "sidhani" lihesabu kuwa ndiyo. Kuuliza hivyo hakuifanyi nyama kuwa halali. Hilo ni swali la pili.

Mahali pa kuanzia ni Navigation Boulevard, mashariki mwa katikati ya jiji. Pale Ninfa Laurenzo alifungua Ninfa's mwaka 1973, meza 10 ndani ya kiwanda cha tortila cha familia, na tacos zake, tortila zilizokunjwa na nyama ya kuchoma ndani, ndizo zilizoifanya Houston ipende fajita. Onja mchuzi wao wa kijani wa parachichi. Yapo matawi yenye jina hilohilo. Hili ndilo la asili. Familia ya Laurenzo baadaye ilifungua El Tiempo, nayo nenda kwa ajili ya kuchoma. Kwa rojo la pilipili la mtindo wa kizamani jaribu Molina's, iliyoanza 1941. Airline Drive, kaskazini, na Long Point upande wa Spring Branch zimejaa majiko madogo ya familia ambayo hayana tangazo wala mwanga wa picha. Wanaoishi kusini-magharibi, karibu na Gulfton na Hillcroft, wasivuke jiji saa kumi na moja jioni kwa sababu ya sahani ya enchilada; barabara kuu ya I-69 itawala wao kwanza.

Asubuhi ni mchezo mwingine. Tacos za mayai ziwahi kabla ya saa nne. Migas ni mayai yaliyovurugwa na vipande vya tortila ya mahindi iliyokaangwa, binamu wa chipsi mayai. Vipande vibaki na mlio kidogo, vikilegea kabisa vilitiwa mapema mno. *Barbacoa*, nyama ya kichwa cha ng'ombe iliyopikwa kwa mvuke usiku kucha, kwingi hutoka Jumamosi na Jumapili tu, na saa tano huenda imekwisha.

Kwenye bili ongeza kodi ya asilimia 8.25, kisha bakshishi ya asilimia 15 hadi 20. Chipsi za kwanza kwa kawaida ni bure. Jibini la kuchovya na parachichi ya kuponda si bure, hata mhudumu akiuliza kama anakukaribisha.

Andika kwenye simu sahani, siku na saa, kwa sababu zamu hubadilika na rojo hubadilika nazo. Sahani iliyokupendeza Jumatano mchana irudie Jumapili jioni kabla hujawapeleka wageni.