Muulize Shangazi: Mfanyakazi akijifungua, mshahara wake alipe nani?

SWALI: Shangazi habari za kazi. Niko na duka ya vifaa vya ujenzi hapa Busia upande wetu wa Uganda, mabati, misumari, saruji, rangi, na wafanyakazi watano. Msichana wangu wa kaunta ndiye anapokea pesa na kushika daftari la madeni, sasa ana mimba, atajifungua mwezi wa saba. Ameniambia ati sheria inasema nimlipe kama miezi mitatu akiwa nyumbani. Namlipa laki nne kwa mwezi na huyo nitakayemweka pale naye atataka zake. Jamaa wa duka jirani ananiambia nimwachishe kazi mapema kabla tumbo halijaonekana, yeye siku hizi anaajiri wavulana tu. Mimi sitaki kuwa mtu mbaya, lakini mtoto ni wake na bwana yake, mbona gharama inaangukia mimi? Serikali haiwezi kulipa?
Mwenye duka, Busia

JIBU: Mwanangu, hiyo ya kumwachisha kazi itoe kichwani kwanza ndio tuongee. Sheria ya Ajira ya 2006 inasema wazi kwamba mimba si sababu ya kumfukuza mtu kazi, na akienda kwa afisa wa kazi wa wilaya utaitwa wewe kujieleza, huyo jirani mwenye ushauri hutamwona pale.

Sasa hesabu. Sheria inampa siku 60 za kazi na mshahara wote, wiki 4 angalau ziwe baada ya kujifungua, na hata mimba ikiharibika, Mungu apishe mbali, likizo bado ni yake. Akirudi anarudi kwenye kazi yake au nyingine inayolingana nayo. Lakini soma vizuri, ni siku 60 za KAZI. Mtu wa ofisini wa Jumatatu mpaka Ijumaa anapata wiki 12, ila nyinyi wa duka najua mnafungua mpaka Jumamosi, kwa hiyo msichana wako zake zinaisha kwa wiki 10 tu. Si miezi mitatu (na hapo utaona ajabu, anayefanya kazi siku nyingi ndiye anapumzika kidogo). Kwa laki nne inakuja kama laki tisa na kitu, na wa kumshikia nafasi ukimlipa sawasawa ni laki tisa zingine. Kwa duka ya watu watano hiyo inauma, sitakudanganya.

Na hapo ndipo nakuunga mkono. Kwetu mzigo wote wameubebesha bosi mmoja. Kila mwezi unapeleka NSSF, ule mfuko wa akiba ya wafanyakazi, wewe asilimia 10 ya mshahara na yeye 5, na tangu sheria ibadilishwe 2022 hata mwenye mfanyakazi mmoja lazima apeleke, lakini ile pesa ni ya uzee na mambo kama hayo, likizo ya uzazi haimo. Matokeo yake ni huyo jirani yako. Hajavunja kitu mtu anachoweza kukiona, hajamfukuza yeyote, yeye anaajiri wavulana tu basi, na wasichana wa Busia wanazunguka na vyeti vyao hawajui kwa nini kila duka inasema nafasi imejaa. Shirika la Kazi Duniani waliliona hili kitambo, mkataba wao namba 183 wa mwaka 2000 unasema mwajiri asiachiwe kulipa peke yake, pesa itoke kwenye bima ya jamii au mfuko wa umma, na sababu waliyoitoa ni hiyo hiyo, kulinda nafasi ya wanawake kwenye soko la ajira.

Majirani zetu wameshaanza. Tanzania mama anayechangia mfuko wa hifadhi ya jamii anapata fao la uzazi kutoka huko. Rwanda nao 2016 walitunga sheria ya mfuko wa likizo ya uzazi, mwajiri anakatwa asilimia 0.3 ya mshahara na mfanyakazi 0.3, wote, wanaume kwa wanawake, wanaozaa na waliokwisha kuzaa. Bosi analipa wiki 6 za kwanza, zinazobaki mfuko unalipa. Viwango hivyo vikija kwetu, wewe kwa watu watano wa laki nne ungetoa shilingi 6,000 kwa mwezi. Elfu sita! Misumari unayopoteza chini ya kaunta ni zaidi. Zile wiki 6 bado zingekuwa zako, lakini si sawa na kubeba zote.

Najua mtasema kodi nyingine tena, bado tuna kidonda cha ile kodi ya 2018, shilingi 200 kila siku kwa kutumia mitandao ya kijamii. Ndio maana mimi sitaki iwe kodi ya kumwagwa hazina, nataka mfuko wenye jina lake na hesabu zake, mtu aweze kuuliza pesa imekwenda wapi.

Na hili la mtoto ni wake na bwana yake, hapana, hapo sikubali. Jirani akifiwa tunachanga mabugo, zile pesa za rambirambi, hata kama marehemu hatukumpenda, hakuna anayeuliza alikuwa baba ya nani. Mtoto akizaliwa ndio tunakuwa wakali ati kila mtu na wake. Huyo mtoto wa mwezi wa saba ndiye atakuja kununua mabati kwako, au kwa mwanao atakayerithi duka.

Kwa sasa lakini mfuko haupo na sheria ni ile, kwa hiyo utalipa. Ila kitu kimoja fanya wiki hii, mwambie msichana aanze kumfundisha mmoja wa wale wengine lile daftari, jina kwa jina, nani anadaiwa nini na ameahidi lini. Ukisubiri mpaka aende, fundi wako wote watakuambia walishalipa.

SWALI: Shangazi mimi nauza nyanya na vitunguu Soko la Nakawa, bosi sina. Mtoto wa mwisho nilirudi naye sokoni bado mchanga kabisa, nikamlaza kwenye boksi chini ya meza, mteja akija namwambia ngoja kidogo nanyonyesha. Hiyo likizo ya kulipwa mnayoisema kila siku, mimi nimo?
Mama Nyanya, Nakawa

JIBU: Humo, mama. Na mfuko kama wa Rwanda nao kwa sehemu kubwa ungekuruka, kwa sababu unakatwa kwenye mshahara na wewe mshahara wako ni faida ya beseni. Hapa ndipo hawa wa semina za hotelini wananichosha, wanagombania wiki za dada wa benki wakati wanawake wengi wa nchi hii wako sokoni na shambani. Ushuru wa meza unalipa, sabuni ukinunua kodi imo ndani, kwa hiyo pesa ya umma ikiwekwa lazima ikufikie na wewe. Na isiwe kisingizio kwamba haiwezekani kumlipa mtu asiye na bosi, mbona wazee wanapata ile shilingi 25,000 kwa mwezi ya SAGE, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee? India tangu 2017 wanawapa akina mama rupia 5,000 kwa mtoto wa kwanza, na waliolengwa hasa ni wanaopoteza kipato wakijifungua bila mwajiri. Ingekuwa mimi, ningeanza na nyinyi, wa ofisini angalau wana sheria ya kuishika mkononi.

SWALI: Na sisi akina baba je? Mke wangu anajifungua mwezi ujao, bosi anacheka nikimwambia likizo.
Baba mtarajiwa, Jinja

JIBU: Acha acheke, sheria inakupa siku 4 za kazi na mshahara wako wote, mara tu mkeo akijifungua. Mtoto akija Ijumaa usiku na wewe ni wa Jumatatu mpaka Ijumaa, unarudi Ijumaa inayofuata. Kenya wanapata wiki 2, usiniulize kwa nini. Tena ni siku 4 kwa mwaka, kwa hiyo nyinyi wenye wake wawili wanaojifungua mwaka mmoja, jipangeni wenyewe. Peleka barua mapema na ubaki na kopi yenye sahihi ya aliyeipokea.